Mbigili Mlangoni Petu

Kama hujawahi kukanyaga mbigili, usinifundishe namna ya kuimaliza. Nasema hivi mapema kwa sababu walionifundisha ni wengi. Wamesimama langoni kwangu, hapa mtaa wa Wabera mjini Isiolo, na viatu vyao vya soli nene, wakaniuliza, "Mama, kwani hujui kuna dawa?" Najua kuna dawa. Naijua kuliko wao, na ningependa kila aliyeniuliza hivyo aje akae hapa nimweleze vile ilivyofanya kazi.

Mbigili ni mmea wa kutambaa. Mvua ya kwanza ikinyesha Isiolo, siku chache tu baadaye unaona vijani vidogo vizuri, halafu maua ya njano, na kama wewe ni mgeni utasema ardhi imependeza. Kila ua linazaa tunda. Tunda likikomaa linapasuka vipande, na kila kipande kina pembe mbili ngumu kama msumari. Hata likianguka vipi, kuna pembe inayoangalia juu. Pembe hiyo inapita kwenye slipa. Inapita kwenye tairi la boda boda. Na ilikuwa inapita, bila hata hodi, kwenye tairi la kiti cha magurudumu cha mume wangu.

Mume wangu alikuwa mtu wa malori ya ng'ombe, yale yanayopakia hapa sokoni na kuteremka Nairobi. Alianguka kutoka juu ya lori, mgongo ukavunjika, miguu ikakataa. Alikaa ndani miaka miwili. Halafu serikali za kaunti zikaja, ikawa kila mara kuna sherehe ya kugawa kitu, na katika sherehe moja wafadhili fulani wakagawa viti vya magurudumu. Hotuba, picha, soda. Mume wangu alipewa kiti cha kung'aa chenye tairi za upepo. Pampu, hakuna. Kiraka, hata kimoja hakuna. Aliyechagua tairi hizo hakuinama hata dakika moja kuangalia watu wa huku wanakanyaga nini. Tuliuliza kama kuna tairi ngumu, zile zisizojazwa upepo. Tukaambiwa ziko Nairobi. Kila kitu kiko Nairobi, hata akili.

Kutoka mlangoni petu mpaka langoni ni hatua arobaini. Nimezihesabu kwa magoti, kwa hivyo najua. Ukitoka langoni unavuka barabara, na ng'ambo kuna kibanda cha chai ambapo madereva wa zamani wanakaa asubuhi. Mume wangu akifika pale alikuwa mtu. Alibishana, alicheka, alitukana timu za watu, akarudi nyumbani na habari ambazo mimi sikuwa nazo. Alienda peke yake, bila kusukumwa, na huko kwenda peke yake ndiko kulikomrudisha duniani. Lakini tairi likitoboka, basi. Mimi napika katika shule ya msingi, natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa tisa. Mpaka nirudi, nifungue gurudumu, nilibebe kichwani mpaka kwa fundi wa boda boda, yeye ameshinda ndani akiangalia ukuta. Siku mbili za namna hiyo zikifuatana, alikuwa anaacha kula. Siku tatu, alikuwa anaacha kuongea. Kwa hivyo mtu asiniambie habari ya majani. Mimi nilikuwa nalinda hatua arobaini.

Tulikuwa na mbwa, wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika. Alitangulia mbele ya kiti akifukuza mbuzi wa watu kutoka njiani, na mume wangu akisimama, yeye alilala chini ya kiti pale kwenye kivuli. Jirani yangu wa upande wa kulia, mama mmoja Mborana, hakuwa anamgusa mbwa kwa sababu ya dini yake, lakini kila alipomwona akipita alisema, "Haya, askari wa mzee ameamka." Na mume wangu alipenda sana kusikia hivyo.

Sasa, dawa ya kuua majani na mbwa vitakaaje uwanja mmoja? Mbwa havai viatu. Anatembea, analala, halafu anajilamba miguu. Kuku wanadonoa chini palepale, na mayai tunakula sisi. Nilifikiria hayo yote mwenyewe, bila semina, bila mtu kunilipa posho ya kukaa hotelini. Nikaamua mbigili nitaing'oa kwa mkono.

Na inang'oka, ukijua tabia yake. Mmea mzima umeshikwa na mzizi mmoja katikati. Usivute matawi, yatakatika na mzizi ubaki ukikucheka. Unaingiza ncha ya panga chini ya shingo ya mzizi huo, unakata, halafu unakusanya matawi kuelekea katikati na kuinua yote kwa mara moja, vile unavyoinua kitambaa cha meza chenye makombo. Matunda yanabaki yameshika kwenye matawi. Unatia kwenye karai, unapeleka shimoni, unachoma. Usiitupe nje ya ua, maana mbuzi atakurudishia kwa kwato. Na ufanye hivyo wakati maua bado ni maua. Ukichelewa, umefuga miba.

Ile iliyokwisha kuanguka niliipatia dawa yake pia. Siku moja nilikuwa naburuta gunia tupu la katani ambalo lilikuwa limelowa mvua. Nilipoligeuza, nikaona limejaa mbigili upande wa chini. Wee! Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Kuanzia hapo, kila Jumamosi nililowesha gunia, nikaweka jiwe juu yake, nikaliburuta kutoka mlangoni mpaka langoni, kwenda na kurudi. Watu walipita wakaniona navuta jiwe juu ya gunia, wakasema huyu mama mzigo wa mzee umempanda kichwani. Waache waseme. Tairi lilikaa wiki tano bila kutoboka.

Kupe nao nilikuwa na vita nao, maana mbuzi wanaozurura wanawaangusha kila mahali. Jirani alinipa majani ya mwarobaini kutoka kwake. Niliyachemsha, yakapoa, nikamwosha nayo mbwa, na waliobaki nikawatoa kwa vidole na kuwatia kwenye kopo la maji ya sabuni. Kuku walimaliza wengine. Kazi ni nyingi, sikatai. Nilikuwa narudi kutoka kwa sufuria za watoto mia kadhaa, mgongo unawaka moto, halafu napiga magoti tena kwangu. Lakini ilikuwa inafanya kazi! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ilikuwa inafanya kazi.

Mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa imenyesha vizuri na mbigili imetapakaa, binti yetu alijifungua huko Meru. Nilienda kumwangalia siku nne. Niliacha maua ya njano uwanjani, nikajua nikirudi nitaikuta imezaa lakini bado kijani, bado inainuka nzima. Nilimwambia mume wangu, "Usiwe na wasiwasi, nikirudi nitaimaliza." Akaitikia kwa kichwa tu.

Nilirudi Ijumaa mchana. Kabla sijafungua lango nilisikia harufu. Kama umewahi kupita karibu na josho la ng'ombe unaijua, inakukaa kooni. Nikafungua. Uwanja mzima ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Mbigili imelala, imejikunja, imekauka, na kuku wawili wamekufa kando ya ua. Mume wangu alikuwa ndani, karibu na mlango, na mbwa amelala chini ya kiti chake. Mate yalikuwa yanamtoka mpaka yamelowesha sakafu. Miguu inatetemeka. Nilimwita, akajaribu kutingisha mkia, ukakataa.

"Nani amefanya hii?"

"Ndugu yangu alikuja jana," mume wangu akasema, bila kuniangalia.

Shemeji yangu ni mfugaji, anakaa nje ya mji na mifugo yake. Ni mtu mwenye nguvu, ndiye aliyekuwa anakuja kumwinua ndugu yake siku za kuoga. Na nitawaeleza vile alivyo: kwake yeye, hakuna shida ya dunia ambayo haiwezi kunyunyiziwa. Alikuwa amepata dawa ya kuua majani. Alikuwa pia na dawa ya kupe iliyobaki ya kuogeshea ng'ombe. Akaona, kazi mbili za nini? Akazimimina zote mbili kwenye pampu moja ya mgongoni, akapima kwa macho, akaongeza kidogo ili iwe kali, akanyunyizia kila mahali mpaka kizingitini. Ng'ombe wake wanaloweshwa na ile dawa na hawafi. Kwa hivyo ni salama. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake!

Nilimpigia simu daktari wa mifugo, akaja kwa pikipiki. Alikuwa kijana mwenye heshima. Alimwangalia mbwa macho, akamgusa fizi, akauliza, "Mama, ni dawa gani?" Nikampigia shemeji, akaja mbio akiwa ameshika chupa. Ilikuwa chupa ya soda. Chupa ya soda! Haina karatasi, haina jina, haina kitu. Ile dawa ya kupe alipimiwa hivyo dukani, na muuzaji akamwambia ni ile kali. Daktari akaigeuza, akainusa, akaniangalia. "Bila kujua jina nitakuwa nabahatisha," akasema. Akamdunga sindano akibahatisha. Mbwa alikufa saa kumi jioni, kichwa kikiwa juu ya mguu wa mume wangu, ule mguu ambao hausikii kitu. Mume wangu hakujua amekufa mpaka nilipomwambia.

Nilimgeukia shemeji. Sitaandika yote niliyosema, maana mengine hayafai. Nilimwambia ana akili ya josho. Nilimwambia ameua askari wa ndugu yake. Nilimwambia mifugo yake ndiyo jamaa yake, akakae nayo, na mguu wake nisiuone tena kwangu. Alisimama pale na ile chupa mkononi, mtu mzima, hakujibu hata neno moja. Alimwangalia ndugu yake mara moja. Halafu akachukua jembe, akamzika mbwa nyuma ya choo, akazika na kuku, akaenda. Mimi nikaona kunyamaza kwake ni hatia.

Na sikieni jambo ambalo hakuna muuza dawa atawaambia. Mbigili iliyokufa ni mbaya kuliko iliyo hai. Ikiwa kijani nilikuwa naiinua nzima na miba yake. Sasa ilikuwa imekauka, ukiigusa inavunjika, na kila tunda linaanguka palepale na kupasuka. Ile dawa iliua majani, mwiba hauna habari na dawa. Nilipoburuta gunia lilijaa kabla sijafika hatua ya tano. Nikabandua miba, nikaburuta, nikabandua. Wiki moja, na uwanja bado unauma. Kiti kilitoka mara mbili, mara mbili kikarudi tairi zote zimelala. Baada ya hapo mume wangu hakujaribu tena. Alikaa ndani, mgongo kwa mlango. Madereva walituma salamu kutoka kibandani, akasema waambiwe amelala.

Niliwasha hasira yangu kila asubuhi kama jiko. Nikiwa kazini nakoroga uji nilikuwa namtukana shemeji kimoyomoyo. Jumapili, kanisani, nilimwona ameingia, nikatoka. Mara mbili alituma watu kuuliza kama anaweza kuja kumsaidia ndugu yake kuoga. Nikasema hapana. Nikawa namwosha mwenyewe kwa kitambaa akiwa palepale kwenye kiti, maana kumwinua sikuweza.

Wiki ya tatu nilikuwa kwenye ua naongea na jirani. Nilikuwa namsema shemeji, kama kawaida. Nikasema, "Mtu gani anaingia kwa nyumba ya watu na kumwaga sumu bila kuulizwa?"

Yule mama aliniangalia. "Bila kuulizwa?" akasema. "Lakini mzee alikuwa hapo mlangoni siku hiyo. Mimi nilikuwa naanika nguo. Alikuwa na fimbo, anamwonyesha ndugu yake: nyunyiza hapa, nyunyiza pale, umeruka hapa. Mimi hata niliita kwamba wafunge mbwa. Mzee akasema atakaa naye ndani mpaka ikauke."

Sijui niliingia vipi ndani. Najua nilipiga mlango mpaka picha ya ukutani ikaanguka.

"Ni wewe!"

Hakuuliza nazungumzia nini.

"Ni mimi," akasema. "Nilimpigia simu siku ile uliondoka. Nilimwambia alete dawa kali, amalize kabla hujarudi. Mbwa nilimfunga. Alitafuna kamba, akatoka."

"Na ukaniacha nimtukane ndugu yako wiki tatu? Ukaniacha nimfukuze?"

"Nilitaka kusema. Vile ulikuwa unamtukana, nikaona... nikaogopa ni mimi nitatukanwa hivyo."

"Ungetukanwa mara kumi!"

"Najua." Akageuza kiti taratibu, akaniangalia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Wewe unajua mimi naona nini kila siku? Unarudi jioni, hata maji hujakunywa, unapiga magoti hapo nje. Mimi nimekaa juu ya kiti kama chifu, nakuangalia unanifagilia njia. Ni mwanamume gani huyo? Nilitaka urudi kutoka Meru upate imeisha. Siku moja tu, upate kazi imeisha na si wewe umeifanya."

Mngeniambia nimhurumie. Sikumhurumia. Niliona moto. Nilimwambia, kwani mimi nilikulalamikia? Siku gani nilikulalamikia? Hayo magoti ni yangu! Nimeyatumia ninavyotaka! Ulikuwa na njia, ulikuwa na mbwa, ulikuwa na ndugu, umevimaliza vyote kwa siku moja kwa sababu ya kuona aibu. Nilisema mpaka sauti ikaisha, halafu nikachukua panga na karai nikatoka nje, nikapiga magoti pale mlangoni kwa makusudi, mahali atakaponiona vizuri.

Nilisikia magurudumu nyuma yangu. Yalikuwa yamelala, yanakwaruza sakafu. Nikasema sigeuki. Nikasikia kishindo. Nilipogeuka, alikuwa chini. Alikuwa amejiachilia kutoka kwenye kiti mpaka kizingitini, anajivuta kwa mikono, miguu inamfuata nyuma, mpaka akanifikia. Akaketi, akaegemea ukuta, akaanza kuokota mbigili moja moja na kuitia kwenye karai langu. Kiganja chake kilikuwa tayari kina damu.

"Amka hapo!" nikapiga kelele.

"Ningeweza kuamka," akasema, "tungekuwa tunafanya nini hapa?"

"Usinichekeshe. Nimesema usinichekeshe! Nani atakuinua? Unajua mimi siwezi."

Aliokota nyingine, akaiangalia, akaitia kwenye karai. "Unajua ni nani anaweza."

Shenzi huyo. Alijua. Kabla hajajiachilia kutoka kwenye kile kiti alikuwa ameshajua. Nilimwacha akae. Tuliokota mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia, na upande wake ulikuwa safi kuliko wangu, maana yeye alikuwa chini kabisa na alipapasa kila mahali kwa mkono. Tulifika hatua ya tatu. Kulibaki thelathini na saba.

Nikatoa simu. Iliita mara moja tu akashika.

"Shemeji, habari yako."

"Mzuri," akasema polepole.

"Ndugu yako ameketi chini. Mimi siwezi kumwinua."

"Ameanguka?"

"Hajaanguka. Anaokota mbigili."

Nikasikia kengele za mbuzi wake. "Amekwambia," akasema.

"Ameniambia."

"Basi nakuja."

"Ngoja," nikasema, kwa sababu alikuwa anataka kukata. Mume wangu alikuwa ameacha kuokota, ananiangalia. Nikamwambia shemeji anisamehe. Nilisema kwa hasira, karibu nimpigie kelele, lakini nilisema.